Okestra ndani ya flashi: muziki unavyouza filamu za familia Bunia

Mnunuzi wa filamu mjini Bunia huenda na flashi au kadi ya simu kwa kijana mwenye kompyuta na bafle, sokoni au kando ya Boulevard de Libération. Hutaja anachotaka, husubiri kinakiliwe, hulipa faranga zake. Anayenunulia watu wa nyumbani huomba katuni na hadithi za wanyama. Muuzaji humfungulia kipande kwanza, na kinachomshika ni mlio wa okestra hata kabla hajajua hadithi inahusu nini.

Sababu ni ya kibiashara kabisa. Nyingi ya filamu hizo husema Kiingereza au Kifaransa. Mtoto wa mtaa wa Mudzipela asiyejua lugha hizo anatambua adui anakuja kwa kuwa besi na tarumbeta zimemtangulia, na bibi aliyeketi nyuma yake anatambua vilevile. Filamu moja inatosha nyumba nzima. Zile zenye msimulizi wa Kiswahili, mtindo uliovuma Dar es Salaam kwa sauti ya msimulizi Lufufu, zinasaidia sana kwenye maneno, ila msimulizi anapoongea muziki hufifia, na hofu au furaha ya tukio hupungua.

Mfano mkubwa ni *The Lion King* ya 1994. Mtunzi wake, Mjerumani Hans Zimmer, alimwita Lebo M wa Soweto, ambaye mwito wake wa Kizulu ndio unaofungua filamu. Kwaya za Kiafrika zikaungana na violini, na 1995 Zimmer akapata Oscar ya muziki. Zima sauti pale nyumbu wanapokurupuka bondeni: utaona michoro inakimbia, basi.

Muziki huo ni ghali. Okestra kamili ni wapigaji themanini au zaidi, na studio, na waandishi wa nota. Wanaoshindwa gharama za London hurekodi Prague au Budapest, ambako kwa kawaida mpigaji hulipwa mara moja tu. Flashi ya Bunia haimlipi yeyote kati yao. Jambo linaloniuma zaidi ni kwamba meza hiyohiyo hunakili nyimbo za kwaya zetu bila malipo, ingawa sheria ya Kongo ya haki za watunzi ipo tangu tarehe 5 Aprili 1986, na shirika la watunzi, SOCODA, lina jukumu la kukusanya malipo ya haki hizo.

Na tukitaka okestra yetu wenyewe, wapigaji hawakosekani. Waaluri wa Mahagi, humu Ituri, wana adungu, kinubi kinachotengenezwa kwa ukubwa mbalimbali: kubwa hutoa besi, ndogo hubeba wimbo, na zikipigwa pamoja tayari ni okestra ya nyuzi. Makanisa yana fanfare, yaani bendi za tarumbeta. Kinshasa, Armand Diangienda alianzisha Okestra ya Simfoni ya Kanisa la Wakimbangu mwaka huohuo wa 1994. Wapigaji walipokezana violini chache, na uzi ulipokatika waliweka waya wa breki ya baiskeli. Leo okestra hiyo inajulikana duniani.

Kwa hiyo ninawaomba wenye studio na watengenezaji filamu wa Ituri: kabla ya kununua violini za kompyuta, nendeni Mahagi mkasikilize adungu. Na siku ya kurekodi, mkataba uandikwe, wenye jina la kila mpigaji na mgawo wake.