Maji ya Uti wa Mgongo na Siri ya Glisini

Ubongo wa mtu aliye hai haukatwi kipande ili kupima asidi amino zake. Daktari hukadiria kiasi chake kwa kupima maji yanayouzunguka ubongo na uti wa mgongo. Kwa mtu mzima maji hayo ni takribani mililita 150, nayo hutengenezwa upya mara tatu hadi nne kwa siku.

Damu peke yake haitoshi. Kati yake na ubongo pana kizuizi kinachochagua kipi kipite, ndiyo maana asidi amino nyingi huwa chache mno katika maji hayo kuliko katika damu. Glutamini ni ya pekee: kiwango chake hukaribiana na cha damu.

Chukua mfano wa mtoto mchanga anayelegea siku chache baada ya kuzaliwa, akashindwa kunyonya, akashikwa na kwikwi na degedege. Huenda mwili wake hauwezi kuivunja glisini. Hapo hupimwa glisini ya maji ya uti, kisha hugawanywa kwa ile ya damu. Kwa kawaida jibu halizidi 0.02, likipita 0.08, ugonjwa huo hushukiwa sana, na kipimo cha vinasaba hufuata. Sampuli mbili zichukuliwe kwa wakati mmoja, la sivyo uwiano huo hauna maana. Damu kidogo ikichanganyika na maji, glisini huonekana imepanda. Dawa ya valproati nayo huipandisha, hivyo iandikwe kwenye fomu ya maabara.

Upungufu wa serini ni kinyume chake. Baada ya mlo, damu yaweza kuonekana haina kasoro ilhali maji ya uti yana upungufu. Upungufu huu hutibiwa kwa serini ya kunywa, na degedege huweza kukoma.

Wazazi wengi huogopa kwamba sindano hiyo italeta kupooza. Hofu hiyo inaeleweka, lakini sindano huchomwa kiunoni, chini ya mahali uti wenyewe unapoishia.

Hata hivyo, maji ya kiunoni yako mbali na ubongo, tena huonyesha yaliyo nje ya seli tu. Glutamati iliyomo ndani ya seli za neva huzidi ya nje maelfu ya mara. Namba ndogo katika majibu ya maabara haimaanishi kwamba ubongo umepungukiwa nayo.