Kompyuta ya zawadi iandaliwe kabla ya kusafirishwa

Katika Karagwe na Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, zipo shule na vikundi vinavyopata kompyuta kwa njia ya zawadi. Tunawashukuru wanaotoa. Lakini kompyuta si dawati, ambalo likishafika hukaliwa. Ikifika bila programu, au imefungwa kwa neno la siri la mwenyewe wa kwanza, itafunikwa kitambaa ofisini kwa mkuu wa shule na kubaki pambo.

Kwanza isafishwe. Kufuta mafaili tu hakutoshi, kwani yanaweza kurudishwa. Ofisi iliyohifadhi humo majina ya wakopaji au wagonjwa ina wajibu wa kuyalinda kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Diski yote ifutwe na mfumo upakiwe upya.

Mfumo upi? Hapo ndipo penye kazi. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za zamani hazikubali Windows 11. Wapo wanaoweka Windows iliyochakachuliwa. Sisi hatushauri, maana mwalimu hukabidhiwa kosa lisilo lake, na pengine virusi juu yake. Kwa mashine hizo tunapendekeza Linux, kama Ubuntu au Linux Mint, pamoja na LibreOffice ya kuandikia barua na kupigia hesabu. Zote ni za bure kisheria. Wanaoziona ngeni wakumbuke kwamba mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, kwa Kiswahili kabisa, na LibreOffice imetokana na OpenOffice hiyohiyo.

Programu nyingine ziwekwe hukohuko kwenye intaneti nzuri. Kupakua gigabaiti kadhaa kwa bando la simu ni fedha itakayotoka mfukoni mwa mwalimu. Wekeni programu ya kujifunzia kuchapa, na Kiwix yenye Wikipedia ya Kiswahili, ambayo wanafunzi wataisoma bila intaneti kabisa.

Umeme nao usisahaulike. Baadhi ya kompyuta za mezani kutoka Marekani zina swichi ndogo nyuma, ya volti 115 na 230. Umeme wetu ni 230. Ikichomekwa swichi ikiwa kwenye 115, pawa saplai huungua papo hapo, na zawadi imeishia hapo. Kwa shule zinazotumia sola, tunaona ni heri laptopu chache kuliko kompyuta nyingi za mezani, kwa kuwa laptopu hula umeme kidogo zaidi.

Mwisho, andikeni kwenye karatasi neno la siri, orodha ya programu na simu ya fundi aliyeziweka, mmpe mwalimu atakayeitumia. Siku ya makabidhiano, kabla ya kupiga picha, mwacheni aiwashe mwenyewe, bila intaneti, aandike barua moja na kuihifadhi.