Viwanda vya sangara Mwanza: faida iko mkononi mwa mkata minofu

Viwanda vya kusindika sangara vilianza kuota Mwanza mwanzoni mwa miaka ya 1990, na tangu hapo swali kubwa limekuwa moja: samaki huyu ni salama kwa mlaji wa Ulaya? Mwaka 1998 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya kipindupindu, na mwaka 1999 ukazuia tena kwa hofu kwamba wapo wavuvi wanaotumia sumu. Wenye viwanda walijifunza kwa machungu. Leo huingii ukumbi wa kukatia samaki bila gambuti, aproni, kofia na kukanyaga maji ya klorini mlangoni.

Ila vifaa hivyo, kwa sehemu kubwa, vinamkinga samaki dhidi ya mtu. Kumkinga mtu dhidi ya kisu, baridi na gesi ni jambo lililobaki nyuma, na naamini hapo ndipo fedha nyingi zinapopotelea bila kuonekana.

Mtazame mkata minofu mezani. Samaki ametoka kwenye barafu. Mkono wa kushoto unambana, wa kulia unapitisha kisu kuanzia nyuma ya shavu hadi mkiani, ukifuata mfupa kwa kuuhisi zaidi kuliko kuuona. Mikononi mwa fundi, panki, yaani mifupa inayobaki minofu ikishaondolewa, linabaki jeupe. Vidole vikishakufa ganzi, ule mguso wa mfupa unapotea. Kisu kinapanda juu na kuacha nyama, au kinateleza na kumkata mwenyewe. Nyama iliyobaki kwenye panki itauzwa kwa bei ya panki. Kiwanda kinachopokea tani 10 za samaki kwa siku, kikipoteza asilimia moja tu ya uzito huo kwa ukataji mbaya, kimeacha kilo 100 za minofu. Gharama ya glovu nzuri, mtu wa kunoa visu na dakika chache za kupasha mikono moto haifiki huko.

Halafu kuna uchovu. Samaki hasubiri, mzigo ukichelewa kufika kutoka visiwani, zamu inarefuka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, hairuhusu kuvuka saa 12 kwa siku hata pakiwa na muda wa ziada, na saa hizo za ziada hulipwa mara moja na nusu. Sababu yake si huruma peke yake. Mtu aliyesimama kutwa nzima kwenye sakafu yenye maji hakati kama alivyokata asubuhi, hata umpigie kelele.

Kubwa kuliko yote, kwa maoni yangu, ni ukibarua. Sangara wakiadimika ziwani, kiwanda kinaita watu wachache. Wakipatikana, geti linajaa. Anayelipwa kwa kilo na hajui kama kesho ataitwa hatasimama kunoa kisu, wala hatasema kidole kimeumia. Ujuzi unaondoka naye jioni.

Hatari inazidi karibu na mitambo ya kugandishia. Viwanda vingi vya aina hii duniani hutumia amonia, gesi inayokimbilia penye unyevunyevu: macho, koo, ngozi yenye jasho. Ikivuja, mtu anatakiwa ajue tayari mlango upi wa kutokea, upepo unaelekea wapi na maji ya kunawa macho yako wapi. Kibarua aliyeingia asubuhi hiyo, kama hakuonyeshwa, atakimbilia wanakokimbilia wenzake.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inataka wafanyakazi wapimwe afya, na waajiri huchangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Fidia huja mtu akishaumia. Kabla ya hapo, kiwanda kingeweza kuwa na kikosi cha kudumu cha wakata minofu, nao walipwe kwa usafi wa panki pamoja na kilo. Kiwanda kinachosafirisha samaki nje tayari kina daftari la joto la samaki. Liwekwe jingine kando yake, la majeraha, linaloonyesha saa, zamu na meza. Msimamizi akiyalinganisha na mavuno ya minofu, ataona mwenyewe ni saa zipi mikono inakatika na nyama inabaki mifupani.