Mlango Mmoja, Funguo Nyingi

Mtoto amalizapo shule ya msingi na kuingia kidato cha kwanza, hukuta masomo karibu yote yakifundishwa kwa Kiingereza. Binti yangu alirudi jioni moja akiwa amenuna. Alitaka kulieleza darasa kwamba alipanda basi, akatumia neno "climb", kana kwamba alikwea hadi juu ya paa. Wenzake wakacheka, tangu siku hiyo akaacha kunyosha mkono.

Kosa lake lilikuwa na sababu. Kwa Kiswahili tunapanda mti, tunapanda teksi, tunapanda meli. Mwingereza hutenganisha. Chombo ambacho abiria aweza kusimama na kutembea ndani yake, kama basi, treni, meli au ndege, hutumiwa "get on", na kushuka ni "get off". Teksi au mtumbwi, ambamo hapana budi mtu ajikunje na kuketi, ni "get into", na kutoka ni "get out of".

Vivyo hivyo, chumbani mtu hu-"enter" tu, bila kiungo chochote. "Enter into" ni ya mikataba na mazungumzo. Mwizi avunjaye nyumba hu-"break into", lakini "break in" kwa viatu vipya ni kuvivaa hadi vilainike.

Utajiri huo umetokana na historia. "Get" lililetwa na watu wa Skandinavia waliohamia Uingereza tangu karne ya 9. "Enter" lilitoka Kifaransa, baada ya Wanormani kuiteka nchi hiyo mwaka 1066. Ndiyo maana la kwanza ni la mazungumzo ya kila siku, na la pili lina sauti ya ofisini.

Wala Kiswahili si maskini. Sisi hubadili mkia wa kitenzi: mtu huingia, humwingiza mgeni, huingilia mazungumzo. Wao huongeza neno dogo nyuma ya kitenzi. Kwa hiyo kutafsiri neno kwa neno hakufai. Kitenzi kikaririwe pamoja na kitu chake.

Mzazi asiyejua Kiingereza naye aweza kusaidia. Mimi hushika daftari na kuuliza, "Basi?" Binti hujibu. "Teksi?" Hujibu tena. Akikosea, hapana anayecheka. Juma lililopita aliniambia kuwa amenyosha mkono darasani.