Gitaa Moja, Nyumbani Mbali

Kuna albamu za kuchezea harusini, na kuna za kusikiliza usiku mvua ya Kiwira ikigonga bati, umejifunika blanketi, chai mkononi. Tales of America ya J.S. Ondara ni ya kundi la pili. Ilitoka 2019, mimi ndiyo kwanza nimeifikia, na nimenasa kwelikweli!

Ondara ni kijana wa Nairobi. Kwao hakukuwa na uwezo wa kumnunulia gitaa, akawa anatunga nyimbo kichwani huku redio ikimfundisha roki. Siku moja akawekeana dau na mwenzake kuhusu Knockin' on Heaven's Door. Yeye akang'ang'ania ni wa Guns N' Roses. Kumbe ni wa Bob Dylan! Dau likaliwa, lakini akawa amempata Dylan. Mwaka 2013 akahamia Minneapolis, kwenye jimbo alikozaliwa huyo mzee, na huko ndiko alikojifunza gitaa. Albamu hii ya kwanza ikateuliwa kuwania Grammy.

Ukitaka kunengua, utaboreka, nakuambia mapema. Ni sauti nyembamba inayopanda hadi unaogopa itakatika, gitaa, na vikorombwezo vichache tu. Mapenzi yamo pia, sikiliza Torch Song. Ila ulionimaliza ni Saying Goodbye.

Kaka yangu aliondoka nchini miaka mingi iliyopita. Simu zake ni za dakika mbili, "niko kazini, nitapiga." Hapigi. Mimi nilishamhukumu zamani: ametusahau, anakula raha. Sasa huyu Ondara ananiimbia kutoka upande wa aliyeondoka, na hasikiki kama mtu anayekula raha hata kidogo.

Jumamosi moja mama alirudi kutoka sokoni kuuza ndizi, akanikuta naurudia wimbo huo. Kiingereza hajui. Akavua viatu vyenye tope, akasimama mlangoni, akasikiliza hadi mwisho.

"Huyu mtoto anamlilia nani?"

"Kwao, mama."

Akanyamaza. Halafu akauliza kama salio lipo kwenye simu.

Kaka hakupokea. Nikamtumia wimbo kwenye WhatsApp, bila maneno, maana ningeandika tungegombana. Tiki zimeshageuka bluu. Mama kila akipita ananiuliza, "Amejibu?"

Bado.