Bawabu wa Utumbo

Wazazi wengi hustaajabu kusikia kwamba maji yenye sukari na chumvi humwokoa mtoto anayeharisha. Twaeleza hapa sababu yake.

Kila seli ya utumbo imezungukwa na utando wa mafuta, ambao chumvi na sukari haziwezi kuupenya zenyewe. Lakini utandoni mna protini zilizo kama mabawabu. Bawabu mmoja hupokea chembe mbili za sodiamu, iliyomo katika chumvi, pamoja na chembe moja ya sukari ya glukosi, akaziingiza kwa pamoja; maji nayo hufuata. Robert Crane alilieleza jambo hilo mjini Prague mwaka 1960. Kipindupindu humwaga maji ya mwili, lakini bawabu huyu humwacha mzima.

Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi huko Bangaon, India, daktari Dilip Mahalanabis aliwanywesha wagonjwa maji hayo. Vifo vikashuka kutoka karibu 30 katika kila 100 hadi chini ya 4.

Basi mtoto akiharisha, tusimnyime maji. Pakiti ya dawa ikikosekana, tutie katika lita moja ya maji safi vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Chumvi ikizidi hudhuru. Tumnyweshe kidogo kidogo, huku tukimpeleka hospitali.