Kinu cha Umeme na Kiwanda cha Bomu: Nani Azuiwe, na Azuiwe Kufanya Nini?

Kilo moja ya urani ya aina ya 235, endapo viini vya atomu zake zote vitapasuliwa, hutoa joto linalozidi lile la tani 2,000 za makaa ya mawe. Kwa taifa lenye umeme haba na mito ipunguayo maji wakati wa kiangazi, jambo hili si dogo. Lakini tangu tarehe 6 Agosti 1945, mji wa Hiroshima ulipoteketezwa, elimu hiyo hiyo imekuwa na sura ya pili. Wala Afrika haikuwa mbali na tukio hilo, kwani sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa katika mradi wa bomu la kwanza ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, nchini Kongo.

Tangu wakati huo swali moja limekuwa likiulizwa bila kukoma: je, yako mataifa ambayo yafaa yazuiwe yasiendeleze nguvu za nyuklia? Wako wanaojibu upesi kwamba yako, na mara moja huanza kuyataja. Wengine hujibu kwamba elimu haina mwenyewe, na kwamba kila taifa lina haki ya kufanya lipendavyo. Majibu haya mawili yana upungufu mmoja. Yote huzungumzia nguvu za nyuklia kana kwamba ni kitu kimoja, hali ni msururu wa kazi mbalimbali. Hapana budi, basi, kuzichungua kazi zenyewe kabla ya kuwahukumu wanaozifanya.

Hesabu ya atomu elfu moja

Urani itokayo ardhini ni mchanganyiko. Katika kila atomu 1,000, takriban 7 ni za aina ya 235, na 993 zilizosalia ni za aina ya 238, ambayo ni nzito kidogo. Zile 7 ndizo zipasukazo kwa urahisi zikigongwa na nyutroni, zikatoa joto pamoja na nyutroni nyingine za kuendeleza mfululizo. Vinu vingi vya umeme huhitaji urani ambayo ndani yake aina ya 235 imefikia asilimia 3 hadi 5. Bomu huhitaji takriban asilimia 90.

Kazi ya kuongeza kiwango hicho huitwa kurutubisha urani. Urani hugeuzwa kuwa gesi, kisha ikazungushwa kwa kasi kubwa mno ndani ya mapipa membamba, mfano wa maziwa katika mashine ya kutenga malai. Atomu nzito huelekea pembeni, na zile nyepesi hubaki karibu na katikati. Kwa kuwa tofauti ya uzito ni ndogo sana, kazi hiyo hurudiwa katika mapipa mengi, pengine maelfu, yaliyounganishwa.

Hapa mwanafunzi aweza kushika kalamu. Na achukue zile atomu 1,000, na achukulie kwamba hakuna hata moja ya aina ya 235 ipoteayo. Ili zile 7 ziwe asilimia 4, jumla yapasa ipungue hadi 175, yaani ziondolewe atomu 825 za aina ya 238. Ili ziwe asilimia 20, jumla iwe 35, nazo zilizoondolewa ni 140 zaidi. Ili ziwe asilimia 90, jumla iwe karibu na 8, na za kuondolewa ni 27 tu. Katika kiwanda halisi hesabu ni ngumu zaidi, kwani utenganishaji haukamiliki kamwe, lakini maana yake haibadiliki. Aliyerutubisha urani hadi asilimia 4 kwa ajili ya umeme amekwisha kufanya sehemu kubwa ya kazi ya kulifikia bomu.

Iko na njia ya pili. Ndani ya kinu, atomu ya urani 238 humeza nyutroni na hatimaye kugeuka kuwa plutoni 239, ambayo nayo yaweza kutengenezewa bomu. Kinu cha umeme cha megawati 1,000 huzalisha zaidi ya kilo 200 za plutoni kwa mwaka, na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki huhesabu kuwa kilo 8 zatosha kwa bomu moja. Hata hivyo plutoni hiyo imefungamana na fueli iliyokwisha tumika, yenye mionzi mikali. Haipatikani ila kwa kiwanda maalumu cha kuitenga kwa njia za kikemia.

Kwa hiyo kinu cha umeme chenyewe si bomu. Milango ya kulielekea bomu ni viwanda viwili: kile cha kurutubisha urani, na kile cha kutenga plutoni.

Mapatano na manung'uniko yake

Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia ulianza kutiwa sahihi mwaka 1968, ukapata nguvu ya kisheria tarehe 5 Machi 1970. Kwa ufupi, mkataba huo ni mapatano ya pande mbili. Mataifa yasiyo na silaha yaliahidi kutozitafuta na kukubali ukaguzi, nayo yakahakikishiwa haki ya kutumia nyuklia kwa amani. Mataifa matano yaliyokuwa yamelipua bomu kabla ya tarehe 1 Januari 1967, yaani Marekani, Urusi (wakati huo Muungano wa Sovieti), Uingereza, Ufaransa na China, yaliahidi kujadiliana kwa nia njema ili kuziondoa silaha zao.

Zaidi ya nusu karne imepita, na dunia ingali na takriban vichwa 12,000 vya silaha hizo, vingi vyake vikiwa mikononi mwa Marekani na Urusi. Si ajabu kwamba wengi huukumbuka msemo wa wahenga: mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu. Anayemkataza jirani kile anachokilimbikiza mwenyewe hawezi kutarajia asikizwe kwa moyo mkunjufu. Lakini manung'uniko hayo, japokuwa ni ya haki, hayaondoi hatari yenyewe. Mabomu ya mataifa mengi si salama zaidi kuliko mabomu ya mataifa machache.

Mafunzo ya nchi tatu

Mfano wa kwanza ni India. Kanada iliipatia nchi hiyo kinu cha utafiti cha CIRUS, kilichoanza kazi mwaka 1960, na Marekani ikatoa maji mazito ya kutumika humo. India ilitoa ahadi ya kukitumia kwa amani, lakini wakaguzi wa kimataifa hawakuwa na mamlaka juu yake. Plutoni yake ilitengwa katika kiwanda cha Trombay, na tarehe 18 Mei 1974 ikalipuliwa chini ya jangwa la Pokhran. India iliuita mlipuko huo kuwa ni wa amani. Somo lake ni wazi: ahadi isiyokaguliwa haina uzito.

Mfano wa pili ni Afrika Kusini wakati wa utawala wa ubaguzi wa rangi. Kinu cha umeme cha Koeberg, karibu na Cape Town, kilianza kutoa umeme mwaka 1984 chini ya ukaguzi, na hakikutoa bomu. Urani ya mabomu ilitoka Valindaba, katika kiwanda cha kurutubisha ambacho hakikukaguliwa. Mabomu sita yalitengenezwa kwa siri. Baadaye yalivunjwa, nchi ikajiunga na Mkataba mwaka 1991, na mwezi Machi 1993 Rais F. W. de Klerk akalitangazia Bunge habari hiyo. Wakaguzi walizipitia kumbukumbu na akiba za urani, na Koeberg ikaendelea kutoa umeme. Ndani ya nchi moja, chini ya serikali moja, mstari wa hatari ulipita kati ya kiwanda na kiwanda.

Mfano wa tatu, Iran, huonyesha udhaifu wa kupima mataifa kwa urafiki. Kinu cha utafiti cha Tehran kilitolewa na Marekani na kuanza kazi mwaka 1967, wakati Shah alipokuwa kipenzi cha nchi za Magharibi. Mwaka 1979 mapinduzi yakamwondoa Shah, na kinu kikabaki. Serikali hubadilika katika muda wa siku chache, hali kinu cha umeme chaweza kudumu miaka 60. Kwa hiyo anayetoa ruhusa kwa kuangalia sura ya mtawala wa leo, hajui anampa nani wa kesho.

Katika mapatano ya mwaka 2015, Iran ilikubali kutorutubisha urani kupita asilimia 3.67 na kuwafungulia wakaguzi. Marekani ilijitoa mwaka 2018, na mwaka 2021 Iran ikaanza kurutubisha hadi asilimia 60. Mwezi Juni 2025 Israeli na Marekani zilivipiga viwanda vyake kwa mabomu, na mwezi Julai Iran ikasimamisha ushirikiano na wakaguzi. Mabomu yaliweza kubomoa kuta, lakini yalilipofusha pia jicho lililokuwa likiona yanayotendeka ndani yake.

Uzito wa ukaguzi

Ukaguzi huo ni kazi ya sayansi hasa. Wakaguzi hupima uzito wa urani iingiayo na itokayo, hufunga kamera na lakiri, na hupangusa kuta kwa vipande vya kitambaa cha pamba. Chembe za vumbi zisizoonekana kwa macho, zikipimwa katika maabara, hufichua urani ilirutubishwa hadi kiwango gani. Hata hivyo ukaguzi una mipaka yake. Mkataba huruhusu nchi kujitoa kwa taarifa ya miezi mitatu. Korea Kaskazini ilitangaza kujitoa mwaka 2003, na mwaka 2006 ikalipua bomu lake la kwanza.

Ndiyo maana imetafutwa njia ya kuutenga umeme na milango ile miwili. Umoja wa Falme za Kiarabu, katika mapatano yake na Marekani ya mwaka 2009, ulikubali kutorutubisha urani wala kutenga plutoni. Hata hivyo ulijenga vinu vinne huko Barakah, cha kwanza kikiwashwa mwaka 2020, kwa fueli inunuliwayo nje. Kwa nchi ihofiayo kunyimwa fueli kwa sababu za kisiasa, Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki limeweka akiba ya urani nchini Kazakhstan, iliyopokea shehena yake ya kwanza mwaka 2019.

Afrika nayo ilitoa jibu lake. Mwaka 1964 wakuu wa nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika, wakikutana Cairo, walitamka kwamba bara hili lisiwe na silaha za nyuklia. Tamko hilo lilizaa Mkataba wa Pelindaba, uliotiwa sahihi mwaka 1996 na kuanza kutumika mwaka 2009. Mkataba huo unakataza bomu, na wakati huo huo unahimiza matumizi ya amani chini ya ukaguzi. Haukuchagua taifa la kuaminiwa na la kutiliwa shaka.

Huko ndiko hoja inakoelekea. Hakuna taifa lipaswalo kunyimwa umeme wa nyuklia kwa sababu ya jina lake, umaskini wake, au mtawala wake. Wala hakuna taifa, liwe kubwa au dogo, lipaswalo kuachiwa kurutubisha urani au kutenga plutoni pasipo macho ya wengine. Na wale wenye mabomu, kadiri wanavyochelewa kutimiza ahadi yao, ndivyo wanavyoudhoofisha mkataba wanaotaka wengine wautii.

Tanzania ina urani katika eneo la Mto Mkuju, wilayani Namtumbo. Niger na Namibia huichimba na kuiuza. Misri ilianza kujenga kinu huko El Dabaa mwaka 2022. Wanafunzi walio darasani leo ndio watakaotakiwa kuamua urani hiyo iende wapi na kwa masharti gani. Hesabu ya atomu elfu moja si ndefu, na yafaa ifanyike ubaoni kabla mjadala haujaanza.